Samaki wa Matundu Meupe

Banio la Zuwaira,
9 Februari 1956

Kwa mjomba wangu Tuama, Baba Dakhil,

Assalaam alaikum. Nakuulizia hali wewe na mkazamjomba, na wanao Dakhil na Shinawa, na nyati wako mmoja mmoja kwa majina yao, kwa sababu najua nikiwasahau nyati hutasoma mbele. Mama hajambo huko Amara. Goti linamsumbua na bado anasema ni kijicho cha jirani. Anaomba malai ya nyati, kisha anasema usijisumbue, maana yake utume upesi.

Nimehamishwa. Idara ya umwagiliaji imenileta hapa, kwenye banio jipya walilolijenga kukatisha mto Zuwaira. Nina chumba cha matofali, meza moja, na kijiti kilichotiwa alama ambacho nakisoma asubuhi na jioni kujua maji yamefika wapi. Banio ni ukuta wa saruji wenye milango, na kila mlango umezibwa kwa mbao nene zilizoteremshwa moja juu ya nyingine. Upande wa juu maji yamejaa mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya shekhe wa kabila la Bait Hantush. Upande wa chini, unaokuja kwenu, kuna dimbwi, na baada ya dimbwi ni kijito cha kufika magotini.

Mjomba, samaki wetu bunni wameanza kupanda mto kwenda kutaga. Wanafika kwenye mbao na kujigonga. Nikiwa mezani nawasikia, du, du, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuelewa kwamba hafunguliwi. Dimbwi limejaa mpaka migongo iko nje ya maji. Mafundi waliacha baruti, na watu wa Bait Hantush wanaitupa humo. Maji yanaruka, kisha samaki wanageuka matumbo juu. Juzi mmoja wao alichelewa kuiachia, na kiganja chake chote kikaondoka. Mlinzi wa banio, Mizban bin Farhud, alimfunga mkono kwa kilemba chake huku anacheka, akasema sasa atakula nusu na kuiba nusu. Damu ilifika mlangoni kwangu. Niliifuta mwenyewe.

Huyu Mizban ameamua kwamba mimi ni rafiki yake. Anakuja kunywa chai yangu na kuweka bunduki yake juu ya karatasi zangu, mdomo umenielekea.

Tafadhali mwambie Dakhil asipande huku kutafuta samaki.

Mwana wa dada yako,
Lafta


Rumla,
2 Machi 1956

Mpwa wangu Lafta,

Wa alaikum salaam. Barua yako ilifika imelowa, nikadhani umeilia. Zahrun akaniambia ni mtumbwi wake unavuja. Ndivyo walivyo mafundi, anatengeneza mitumbwi ya watu wote wa mabwawani na wake anauzibia kwa dua. Sisi ni wazima. Nyati mmoja hakukaa vizuri na jina lake silitaji, utahuzunika. Malai nimempa Zahrun. Yakifika nusu, ujue nusu nyingine yuko nayo nani.

Unaogopa bunduki iliyolala mezani. Mama yako naye alikuwa akimwogopa jogoo.

Nisikilize sasa. Maji yanayotufikia siyo maji. Yamesimama, yamekuwa kijani kama supu ya mlokhia iliyochacha, na ukiyaonja ulimi unakauka kwa chumvi. Nyati wanayanywa na kuharisha. Wewe ulisomea mjini, labda umesahau: chusa kinafanya kazi kwa macho. Mtu anasimama kichwani mwa mtumbwi, anamwona samaki, anashusha. Katika maji haya huoni hata mkono wako. Wanaume wanatoka alfajiri na kurudi na vyusa vikavu. Na samaki wenyewe wamebadilika. Gattan hakuna. Bunni hakuna. Wamejaa kambare, wanene, wanatambaa juu ya tope kama wenye nyumba, nasi kambare, asiye na magamba, madhehebu yetu hayaturuhusu. Mungu ametujazia meza kwa chakula cha watu wengine.

Hapa Rumla ni nyumba yangu tu inayokula bunni, na ni kwa sababu ya Dakhil. Analeta wanne, watano, kila mmoja na matundu ya chusa ubavuni. Wazee wanamsifu ukumbini, wanasema ana jicho la korongo. Mkazamjomba wako anawaosha kimya, unamjua.

Mwambie Mhandisi wako ainue zile mbao mpaka samaki wapite. Siyo ombi kubwa. Mlango unafunguliwa, mgeni anapita.

Mjomba wako,
Tuama


Banio la Zuwaira,
20 Machi 1956

Mjomba wangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Malai yalifika, robo. Mama alikula akalia, anasema yananukia nyumbani. Mimi nina homa kidogo, si ya kutisha.

Nilimwambia Mhandisi alipokuja kukagua. Nilipanga maneno yangu vizuri, nikamweleza kuhusu maji kusimama, chumvi, samaki wanaofia kwenye mbao. Alinisikiliza huku anavua viatu vilivyojaa tope. Akasema shekhe analipa kodi ya mpunga, na samaki hajawahi kuona akilipa. Tungoje mavuno.

Kuhusu Dakhil, kweli ana jicho. Lakini namwomba aje kwangu ofisini siku moja, mchana, aingie kwa mlango wa mbele kama ndugu. Nina neno la kumwambia mwenyewe. Si la barua. Na wewe, mjomba, ungeweza kumzuia nyumbani kwa kisingizio chochote. Mwambie paa la matete linahitaji kufungwa upya. Mwambie unaumwa.

Mizban ananiuliza kila siku kama watu wa Rumla ni ndugu zangu. Nimesema ni ndugu wa mbali.

Lafta


Banio la Zuwaira,
11 Aprili 1956

Mjomba,

Nisamehe, sikuanza na salamu. Anayekuletea barua hii, Zahrun, amekuletea pia Dakhil.

Amepigwa risasi leo asubuhi, dimbwini, chini ya banio. Aliyempiga ni Mizban bin Farhud, akiwa juu ya ukuta. Risasi moja iliingia shingoni. Alikufa palepale. Nilishuka mimi mwenyewe, nikamtoa majini, nikamfumba macho, nikamfunika shuka langu. Alikuwa ameshika chusa chake. Nilishindwa kuvifungua vidole, kwa hiyo Zahrun atakukabidhi vyote viwili pamoja.

Polisi wamemchukua Mizban, kisha shekhe amemchukua kutoka kwa polisi.

Mungu akupe subira. Siwezi kuandika zaidi.

Lafta


Rumla,
28 Aprili 1956

Mpwa wangu Lafta,

Wa alaikum salaam, ingawa hukunisalimu. Tumerudi kutoka Najaf. Tumemlaza karibu na babu yako. Njia nzima Shinawa alikaa juu ya jeneza ndani ya lori, bunduki mapajani, hakula. Mkazamjomba wako amekata nywele zake na kuzifunga kwenye nguzo ya nyumba, amejipaka tope la mto usoni, tope lenyewe la kijani. Mama yako alikuja, goti na yote. Nyati watatu wamekufa. Ndizo habari za nyumbani.

Sasa jibu swali moja. Bait Hantush wanasema mwanangu alikuwa na wavu.

Unajua neno hilo ni nini kwetu, lakini nitaliandika, isije mji ukawa umekusahaulisha. Wenye nyavu ni watu wasio na kabila, wanaohama na mitumbwi yao. Hawakai juu ukumbini, hatuwaozi binti zetu, wala binti zao hatuwaoi. Mwanamume wa kabila anachoma samaki kwa chusa, kwa mkono wake, anamwangalia usoni. Farhud anasema kijana wake alimwona mvuvi wa wavu tu, mtu asiye na wenyewe, na mtu kama huyo dia yake, fidia ya damu, ni ndogo, unaiweka mkononi mwa mjane na kwenda zako.

Wakilisema hilo mbele ya makabila, hakutakuwa na dia ndogo wala kubwa. Shinawa ataua wa kwanza atakayemwona, nao watamuua, na sisi tutakwenda kuwachomea nyumba, na mwaka ujao hutakuwa na haja ya kuandika anwani yetu.

Watakuita uape kwa jina la Sayyidna Abbas. Wewe ndiye uliyeshuka majini. Wavu au chusa?

Tuama


Banio la Zuwaira,
5 Mei 1956

Mjomba wangu,

Assalaam alaikum, na salamu za rambirambi kwa mkazamjomba, ambaye sijui nimwandikie nini. Mama anasema nirudi Amara niuze vitambaa kwa mume wa dada yangu.

Leo asubuhi nilikuta kambare amepigiliwa msumari mlangoni kwangu. Bado alikuwa anapumua. Walimjaza kipande cha wavu mdomoni. Baba yake Mizban, Farhud, alipita baadaye na wanaume wake, akasimama, akamtazama yule samaki, akaniambia, "Karani, unajua kambare anakaa saa ngapi bila maji? Muda mrefu. Ndiyo kasoro yake." Kisha akaniuliza habari za afya ya mama yangu. Alimtaja kwa jina.

Mjomba, utashangaa. Mimi ni mwoga, na hilo halijawahi kuwa siri. Nimefikiri: nikisema neno moja, upande mmoja utaniua. Nikisema la pili, upande wa pili utaniua. Nikinyamaza, watauana wote. Na aongopaye kwa jina la Abbas hafiki nyumbani, mdomo unapinda au mtumbwi unapinduka. Nalijua hilo tangu utoto, wewe ndiye uliyenitishia nalo.

Nitaapa. Nitasema nilichokiona mkononi mwake, na ni kile ulichokipokea wewe mwenyewe. Chusa.

Lafta


Rumla,
30 Juni 1956

Mpwa wangu Lafta,

Assalaam alaikum. Leo nimeanza mimi.

Uliposimama katikati ya ukumbi na kushika bendera ya Abbas, magoti yako yaligongana hadi waliokaa mlangoni wakasikia. Jirani yangu alininong'oneza kwamba ukianguka tutasema umesujudu. Lakini ulisema. Nilimwangalia Farhud. Alimeza mate kama mtu aliyemezeshwa mwiba. Dia kamili, na binti yake awe mke wa Shinawa, na bunduki zimerudi ukutani. Shinawa ameirudisha yake mwisho, polepole, lakini ameirudisha. Mungu akulipe. Binti amekwishafika, hana maneno mengi. Mkazamjomba wako hamtazami bado.

Sasa lile jingine. Mavuno ya mpunga wao yamekwisha, nimewaona wakipita na magunia. Hapa kwetu maji yameoza. Kila asubuhi kingo zimejaa vidagaa waliokufa, tunawakusanya kwa koleo ili mbwa wasiugue. Ndama wa nyati wanazaliwa na kulala palepale. Watoto wa Rumla wanaumwa matumbo. Waambie wainue mbao. Sasa hawana sababu.

Tuama


Banio la Zuwaira,
19 Julai 1956

Mjomba wangu,

Assalaam alaikum. Natumaini wote hamjambo. Joto la hapa halisemeki. Mama ananiambia anaota meno yanang'oka.

Jambo la mbao si rahisi kama linavyoonekana. Minyororo ya kuinulia ina kutu, na ni lazima ipimwe. Kisha kuna tope lililojikusanya upande wa juu, na likiachiwa ghafla linaweza kuwaumiza zaidi walio chini. Mhandisi ana shughuli nyingi. Nadhani mwaka huu ni vizuri kuvumilia mpaka mafuriko yajayo, maji yenyewe yatapita juu.

Wachimbieni ndama visima vidogo ufukoni. Maji ya visima huwa na nafuu.

Lafta


Rumla,
21 Agosti 1956

Lafta,

Salaam.

Nilisoma barua yako ukumbini kwa sauti. Ilipofika kwenye visima, nikaacha kusoma.

Wiki hii vijana wetu walikuja huko na mashoka kuzikata mbao, unajua, ulikuwapo. Walinzi waliwapiga risasi kutoka ukutani. Chasib, mwana wa jirani yangu, risasi ilipiga saruji na vipande vikamwingia usoni. Jicho moja limetoka. Shinawa alimbeba mgongoni ndani ya tope mpaka kwenye mitumbwi, na anasema alikuona dirishani kwako, umesimama, na ukafunga dirisha.

Hilo ningeweza kulimeza. Mwoga anafunga dirisha, ndiyo kazi ya dirisha. Lakini Zahrun alikuwa Amara kununua shaba, akamsikia Mhandisi mkahawani akisema kwamba yeye yuko tayari kuinua mbao tangu mavuno, ila karani wake wa Zuwaira kila mara anamwomba angoje.

Karani wake wa Zuwaira ni nani?

Dada yangu alikunyonyesha kwa maziwa ya nyati wa baba yangu. Kama Farhud amekulipa, niambie. Kama amekutisha, niambie. Usiponijibu nitakuja mwenyewe, na sitakuja na malai.

Tuama


Banio la Zuwaira,
6 Septemba 1956

Mjomba wangu,

Assalaam alaikum wa rahmatullah. Sina habari za nyumbani. Hakuna aliyenilipa.

Mimi ndiye ninayemwomba angoje, kwa sababu wavu uko chini ya mbao.

Tangu Februari Dakhil alikuwa akija dimbwini alfajiri. Nilimwona kutoka dirishani. Sijui wavu aliupata wapi, ulikuwa wa kutupa, mdogo. Anautupa mara moja, anavuta bunni waliojazana, kisha anauficha chini ya matete mtumbwini. Halafu anawapanga samaki kwenye ubao. Anasubiri wafe. Wakishakufa anachukua chusa na kuwachoma mmoja mmoja ubavuni, vizuri, kila tundu mahali pake, kama mwanamke anayetoboa mkate kabla ya kuuoka. Ndilo neno nililotaka kumwambia. Nilitaka kumwambia aache kwa sababu Mizban anaamka mapema.

Siku ile Mizban alikuwa juu ya ukuta na wenzake wawili. Walimtazama mpaka alipoinua chusa juu ya samaki wafu. Ndipo walipocheka. Mizban akamwita kutoka juu, "Mwenye wavu, unawaua mara ya pili? Hawajakusikia mara ya kwanza?" Dakhil akainua uso. Mwingine akamwambia amchome na mama yake kwa chusa, labda naye ataonekana wa kabila. Hapo Dakhil aligeuka na chusa kwa mikono miwili, akalenga juu. Mizban alikuwa bado anacheka alipofyatua. Mjomba, sikumwona akibadilisha uso.

Walikimbilia kijijini kwa Farhud kumwambia. Nikabaki mimi na yeye. Nilimtoa majini kama nilivyokuandikia, yote niliyokuandikia ni kweli. Kisha niliona wavu. Niliufungia matofali ndani yake, nikapanda ukutani, nikautupa upande wa juu, penye kina, mbele kabisa ya mbao. Waliporudi waliutafuta kila mahali. Ndiyo sababu neno lao lilikuwa bila ushahidi, na langu lilikuwa na chusa.

Mbao zikiinuliwa, maji yote ya Zuwaira yatapita pale kwa nguvu, na wavu utatupwa dimbwini mbele ya Bait Hantush. Kila siku wanakaa pale. Wataujua. Watasema nimeapa uongo kwa Abbas, watadai dia yao na binti yao, na yale uliyoyaandika Aprili yatatokea yote.

Nimefunga dirisha, ndiyo. Nilikuwa nahesabu ni jicho la Chasib au ni Shinawa mzima.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nakuuliza wewe.

Lafta


Rumla,
19 Septemba 1956

Mpwa wangu Lafta,

Wa alaikum salaam wa rahmatullah. Sote tumeisoma barua yako, maana yake mimi na mkazamjomba wako, kwa sababu hajui kusoma, nikamsomea tukiwa peke yetu na nyati.

Nitakuambia kitu. Samaki akichomwa angali hai, tundu linavilia damu, nyama inakuwa nyeusi pembeni kama jicho lililopigwa ngumi. Akichomwa amekufa, tundu linabaki jeupe. Mimi nimeshika chusa tangu meno yangu ya kwanza. Mama Dakhil amepasua samaki wengi kuliko niliowachoma. Siku ya kwanza aliyowaleta, niliona. Mama yake aliona. Tulikuwa na njaa. Alimpaka samaki manjano na chumvi mpaka ndani ya matundu, akambanika, nami nikampa mwanangu kichwa, sehemu ya mwanamume, mbele ya wazee waliomsifu.

Ningeweza kumwambia, nimekuona, acha, au endelea, lakini usijifiche. Angebaki nyumbani, au angekwenda bila kuwachoma wafu, na wasingepata cha kuchekea. Alisimama pale na chusa kwa ajili ya uso wangu.

Nilipokuuliza, wavu au chusa, nilikuwa najua. Nilitaka kusikia wewe utasemaje.

Huna kosa kwa Abbas. Chusa kilikuwapo. Mimi ndiye niliyevifungua vile vidole.

Inua mbao. Mtumie Mhandisi habari leo, siku aitakayo yeye, na umwambie Zahrun ni siku gani. Tutakuja. Wewe usiwepo, magoti yako yanapiga kelele.

Tuama


Banio la Zuwaira,
1 Oktoba 1956

Mjomba,

Salaam alaikum. Ni Jumamosi ijayo. Mhandisi amekubali bila hata kuuliza kwa nini nimebadilika. Mimi naondoka kwa mama kesho. Nimekiacha kijiti cha maji kwa msaidizi.

Tafadhali, Shinawa asije na bunduki.

Lafta


Rumla,
14 Oktoba 1956

Mpwa wangu Lafta, huko Amara,

Assalaam alaikum. Msalimie dada yangu na goti lake. Mwambie jirani hana makosa, ni umri. Nyati mmoja amezaa na ndama amesimama. Mkazamjomba wako ameanza kumwita binti wa Farhud kwa jina lake, Tiswahin. Sisi tu hai, naliandika mapema ili usiruke mistari.

Shinawa alikuja na bunduki.

Waliinua mbao za kati kwanza. Maji yalitoka kwa mngurumo, yakamwangusha mmoja wa mafundi, wakamnasa kwa kamba amevunjika mbavu. Yalikuwa meusi, yananuka mayai viza, kisha hudhurungi, kisha yakaja yale mekundu ya mto wenyewe ninayoyajua. Bait Hantush walikuwa ng'ambo, Farhud mbele, wote na silaha. Sisi upande huu. Na wavu ukaja. Ulizunguka dimbwini mara moja na kukwama kwenye jiwe katikati yetu, na matofali yako ndani.

Kila mtu aliutazama. Nikashuka, nikijiegemeza kwenye kasia. Maji yalinifika kifuani na yalinipiga, lakini niliufikia, nikayatoa matofali, nikaukung'uta. Umechanika kidogo upande mmoja. Nikasimama juu ya jiwe na kumwambia Farhud kwamba wavu ni wangu. Nikamwambia, "Mwanao alimuua mwanangu mwenye chusa, na umelipa. Huyu mwenye wavu ni mimi. Umri wangu unaujua, kabila langu unalijua. Anayetaka kucheka, acheke nikimwona."

Kisha nikautupa, mbele yao wote. Niliutupa vibaya, mpwa wangu. Ulianguka kama shuka la mwanamke limechukuliwa na upepo.

Mmoja akacheka. Mpwa wake Farhud, kijana mwenye jino la dhahabu. Niliona Shinawa, aliyekuwa amenifuata majini, anainua bunduki, na ng'ambo nikaona zao zinainuka. Nilikuwa karibu naye zaidi kuliko wao. Kasia lilikuwa bado mkononi. Nilimpiga mwanangu kwenye kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote, na mfupa ulisikika juu ya mngurumo wa maji. Bunduki ilianguka mtoni. Alinitazama kama nyati unayemchinja.

Nikapiga tena, palepale, ili pasiwe na shaka.

Farhud aliona. Akamgeukia yule wa jino la dhahabu na kumpiga kitako cha bunduki mdomoni, jino likaenda na maji. Akasema, "Binti yangu analala nyumba ile. Dia ni dia." Wakaondoka. Hakunisalimu, wala sikumsalimu.

Tiswahin alimfunga Shinawa mkono kwa vipande vya matete. Unaanza kuunga, lakini umepinda. Chusa hawezi kukishika tena, mkono haukazi. Siku kadhaa hakusema nami. Kisha nikamwonyesha kwamba wavu wa kutupa unashikwa kwa mkono mmoja, na upindo wake unabanwa kwa meno mpaka wakati wa kuuachia. Sasa anaubana kwa meno na kunitazama huku ameubana, nami namwacha anitazame. Anatupia mbele ya ukumbi, penye watu. Wazee wawili hawaji tena nyumbani kwangu. Watatu wamemwomba Zahrun awatafutie nyuzi za nyavu.

Jana bunni wawili wa kwanza walifika Rumla, wembamba. Shinawa ndiye aliyewaleta. Mama yake aliwashika, akapitisha kidole ubavuni, upande huu na upande huu, akarudia tena. Hapakuwa na tundu. Akakaa chini hapo hapo kwenye maji ya kuoshea, akamlilia Dakhil kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Najaf. Kisha akawabanika, tukala.

Kichwa nilimpa Shinawa. Cha pili nimekitia chumvi, Zahrun anakuletea. Kikifika nusu, unajua.

Mjomba wako,
Tuama